Straika wangu ni shemeji yangu, mazoezini haji, na timu inazama

Ami, shikamoo. Salaam nyingi kutoka Kisauni.

Mimi ni kijana wa miaka 31, nina mke na mtoto mmoja. Mchana ni fundi wa friji, jioni ni kocha wa timu ya mtaa wetu. Timu hii niliichezea mwenyewe mpaka goti likanikatalia. Kocha wetu wa zamani alipopata kazi Ghuba, vijana waliniangukia wakisema hakuna mwingine wa kuwashika. Nikakubali kwa moyo mmoja. Sasa, Ami, usingizi sina.

Tuko ligi ya kaunti, timu 10. Nusu ya msimu imekwisha, mechi 9. Tumeshinda 1, sare 2, nyingine zote tumepigwa. Chini yetu iko timu moja tu, na zinazoshuka daraja ni mbili. La ajabu ni kwamba hatuanzi vibaya. Mpaka mapumziko mtu akitutazama atasema hawa leo wanashinda. Ikifika dakika ya 60 hivi mabeki wanaanza kutembea, viungo wanashika viuno, mabao yanaingia mfululizo. Nilidhani ni pumzi, nikawakimbiza kuzunguka uwanja mpaka wengine wakatapika. Haikusaidia kitu.

Tatizo kubwa ni straika wetu. Ni mdogo wake mke wangu. Mabao mengi tuliyofunga msimu huu ni yake, sikatai. Lakini mazoezini anakuja akitaka. Anaendesha tuktuk, na kila nikimuuliza ananiambia, "Shemeji, nilikuwa kazini." Siku ya mechi anafika wenzake wamekwisha vaa, anachukua jezi namba 10, anaingia. Wenzake wameanza kusema kocha analinda nyumba yake. Mke wangu naye ameniambia waziwazi: ukimweka benchi mdogo wangu, mamangu nitamwambia nini?

Kisha yuko mfadhili. Ni mzee wa heshima, ndiye aliyenunua jezi na ndiye anayelipa marefa. Ijumaa usiku lazima apige simu anipe kikosi, na shemeji awe wa kwanza. Nikijaribu kusema neno ananikumbusha timu ya Feisal, jinsi vijana wale wa Mombasa walivyochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, na kuniuliza sisi tunashindwaje na vitimu vya mtaani.

Mechi ya mwisho tulifungwa 4-0 kwetu na timu ya Likoni. Kipa wetu ana miaka 18, amemaliza shule juzi, ndoto yake ni kuichezea timu ya Bandari. Mashabiki walimtukana mpaka akalia mbele ya watu. Wiki hiyo hiyo vijana wawili wadogo wakahamia timu ya Bamburi.

Nimejaribu ukali, nimejaribu upole. Kuna shule jirani imeniomba nikafundishe watoto wao, kuna na posho kidogo. Niiache timu niende huko? Na huyu shemeji nimfanyeje bila kuvunja nyumba yangu?

Kocha wa Kisauni

---

Marahaba, mwanangu.

Timu usiiache. Na shemeji yako ataanza benchi, lakini si Jumamosi hii. Yako mambo ya kutangulia, nayo ukiyaruka utakuwa umemdhalilisha kijana wa watu na timu isipate faida yoyote.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Shemeji umemwandikia aya nzima. Mfadhili naye kapata yake. Wale vijana wawili waliohamia Bamburi wamepata sentensi moja, nayo iko mwisho. Mimi hao wawili ndio walionishtua. Walikuwa wakija mazoezini? Kwa vile umewaita wadogo, nadhani walikuwa wakija kila siku, wanapanga koni, wanabeba mipira, wanasubiri zamu yao, na Jumamosi wanamwona mtu ambaye hakutoa jasho anavaa jezi na kuingia. Hawakugomba, hawakutukana. Walifunga mabegi yao wakaenda. Timu inayofungwa huvunjika hivyo. Anayepiga kelele unamsikia na kumshughulikia, na anayenyamaza unagundua ameondoka.

Kwa hiyo shauri langu lote, Kocha, limesimama hapa: timu ni ya wanaokuja. Macho yako, muda wako na maneno yako mazuri yawaendee hao kwanza. Wewe kwa sasa jioni nzima unaikesha simu ukingoja kama shemeji atatokea, na vijana 14 waliosimama mbele yako wanakuona unavyongoja.

Kabla ya jambo lolote, watafute wale wawili. Usiende kuwarudisha, huko walikokwenda huenda wanafurahi. Nenda uwaulize kwa nini waliondoka, kisha unyamaze. Usijitetee. Watakwambia mambo ambayo walio ndani ya timu wanaogopa kukwambia, kwa sababu wao hawana tena nafasi ya kupoteza.

Sasa tuje kwenye hizi dakika 60, maana hapa naona umehangaika na ugonjwa usio wenyewe. Kijana anayeanguka dakika ya 60 kila wiki, na kipindi cha kwanza alikuwa anaruka kama swala, mwulize amekula nini. Vijana wetu wengi siku ya mechi wamekunywa chai na mahamri mawili asubuhi. Mchana, aliye na kibarua bandarini au mjengoni anakula kikipatikana. Mwingine ametia majani ya muguka shavuni tangu saa nne. Muguka unaondoa njaa na usingizi, kwa hivyo hakulala usiku na hakula mchana, kisha saa tisa, na jua hili letu na unyevu huu wa bahari, unamtaka akimbie dakika 90. Ukimkimbiza raundi mpaka atapike unakausha kisima ambacho tayari hakina maji.

Nunua daftari la shule. Ukurasa mmoja uandike kila bao mlilofungwa: dakika ya ngapi, limetokea wapi, nani alikuwa amechoka. Rudi nyuma mpaka mechi ya kwanza, waulize wachezaji, wanakumbuka. Ukurasa mwingine uandike kila mazoezi: nani kafika na saa ngapi. Usiutangaze wala usimtishe mtu nao. Baada ya wiki mbili utakuwa unaongea kwa kitu ulichokiona, na hakuna atakayekwambia unamwonea.

Siku ya mechi wapate chakula cha maana kufikia saa sita, hata kama ni wali na maharagwe kwa mama mmoja wa mtaani mliyekubaliana naye. Maji yawe pembeni ya uwanja tangu kupasha misuli, wasingoje kiu. Mapumziko, ndizi mbivu. Madafu yakipatikana kwa bei nzuri, ndiyo bora kabisa, na kwetu hayana shida. Muguka usianze kwa kuhubiri. Anza kwa kukubaliana kwamba siku ya mechi na siku iliyotangulia haushikwi. Na badili wachezaji mapema, mwanangu. Ukijua beki wako wa kulia anakatika dakika ya 60, mtoe dakika ya 55 akiwa bado ana heshima yake. Yule wa akiba naye atajua kwamba benchi si jela.

Halafu wape shabaha wanayoweza kuifikia. "Tusishuke daraja" ni neno kubwa mno kwa kijana ambaye wiki iliyopita amefungwa 4. Claudio Ranieri alipokuwa kocha wa Leicester City ya Uingereza aliwaahidi wachezaji wake pizza siku watakayomaliza mechi bila kufungwa. Mechi 9 za kwanza za ligi zilipita, na kila moja nyavu zao ziliguswa. Ya 10, Oktoba 2015, waliishinda Crystal Palace 1-0. Akawapeleka mkahawani, na unga wakaukanda wenyewe. Mwezi Mei 2016 walikuwa mabingwa wa Uingereza. Sisemi pizza ndiyo iliyoleta kombe. Nasema alilitafuta jambo moja dogo ambalo kipa, beki na straika wote wana mkono ndani yake. Wewe waahidi sinia la viazi karai na ukwaju siku watakayomaliza dakika 90 bila kuokota mpira wavuni. Utashangaa straika atakavyorudi kukaba.

Na jambo jingine la Leicester ambalo watu hulisahau. Krismasi ya 2014 walikuwa mkiani kabisa, na mwanzoni mwa Aprili bado wako pale pale. Chini ya kocha wa kabla yake, Nigel Pearson, wakashinda 7 kati ya mechi zao 9 za mwisho, wakaponea, wakamaliza wa 14. Ranieri alipoingia hakuvunja alichokikuta. Aliwaacha wasaidizi wa Pearson, akaacha wachezaji wafanye walilokwisha lizoea, yeye akarekebisha kidogo kidogo. Nawe umebakiwa na mechi 9. Sikuahidi ushindi wa 7, lakini usibadilishe mfumo kila wiki kwa sababu umefungwa. Kipindi chenu cha kwanza ni kizuri, umesema mwenyewe. Kilinde hicho.

Sasa sheria. Waite wachezaji wote, na shemeji awepo. Mfadhili asiwepo. Kaeni chini baada ya mazoezi, kabla ya Maghrib, uwaulize: tufanye nini na mtu asiyekuja mazoezini? Kisha uwaache waongee. Mwanzo watatazamana. Usijaze kimya hicho kwa maneno yako. Atajitokeza mmoja, kisha watakuwa watatu, na mwisho watakuja na sheria kali kuliko ambayo wewe ungethubutu kuitoa. Kazi yako itakuwa kuipunguza makali iweze kufuatwa. Mimi ningeacha moja tu: asiyefika mazoezi ya wiki hiyo, na hakutoa taarifa, haanzi mechi. Faini za pesa ziache, vijana hawana, zitazaa chuki. Na isianze kufanya kazi kwa yaliyopita, ianze wiki inayofuata. Nawe ijumuishe: mazoezi ni saa kumi na moja kamili, na kocha akichelewa ndiye anayebeba maji.

Kabla ya kikao hicho, kaa na shemeji. Usikae naye nyumbani kwako, dada yake anasikiliza jikoni. Usikae naye uwanjani. Panda tuktuk yake kama abiria, umlipe mwendo wake, umwambie asimame mahali mnywe kahawa. Na kabla ya kumwambia lolote muulize kuhusu kazi yake, kwa sababu hapa mimi namwonea huruma kidogo. Tuktuk nyingi si za wanaoziendesha. Jioni kuna hesabu ya mwenye chombo, na saa kumi na moja mpaka saa moja, watu wanapotoka kazini, ndiyo saa ya abiria. Hizo ndizo saa zako za mazoezi. Yawezekana kila anapokuja kwako anaacha hesabu njiani. Je, umewahi kumuuliza hilo, au umemuuliza tu kwa nini hakuja?

Ikiwa ndivyo, siku moja ya mazoezi ihamishe asubuhi, baada ya swala ya Alfajiri, jua halijachoma. Huenda na wale wa bandarini ikawafaa. Lakini ukishahamisha, umemaliza upande wako. Mwambie hivi, kwa upole na bila kuzunguka: "Shemeji, mabao yako nayahitaji. Lakini wenzako wanaona nakubeba, na wanaanza kukuchukia kwa kosa langu na lako. Kuanzia wiki ijayo asiyefanya mazoezi haanzi, na wewe ndiye wa kwanza nitakayekuhesabu. Nakwambia leo ili isije ikaonekana nimekuvizia." Basi. Usimwahidi kitu, usimtishe. Kijana mwenye kipaji ambaye amesifiwa tangu utoto anajua mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ila hajawahi kuambiwa na mtu anayempenda.

Siku atakapokosa, na atakosa mara moja akujaribu, muweke benchi bila hotuba. Mpe jezi na bibu, mwekee nafasi karibu nawe. Timu ikihitaji bao dakika ya 70, muingize. Sheria inasema haanzi, haisemi hachezi.

Najua unachokiogopa: tukicheza bila yeye tutafungwa zaidi. Pengine. Lakini Agosti 2025 ulitazama CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kama sisi sote. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, chini ya kocha Benni McCarthy ilipata kadi nyekundu mapema dhidi ya Angola, ikatoka sare 1-1. Mechi iliyofuata, dhidi ya Moroko, nyekundu nyingine kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili chote walikuwa 10, na bao la Ryan Ogam wakalilinda mpaka kipenga cha mwisho. Moroko hiyo hiyo ndiyo iliyobeba kombe. Wale 10 kila mmoja alijua anamfunika nani na anasimama wapi mpira ukiwa upande wa pili. Sasa wewe utakuwa na 11. Ukiwapa kila mmoja kazi moja iliyo wazi, kwa maneno anayoweza kuyarudia, hawatakuwa wachache kuliko wale.

Na nyumbani? Mke wako mwambie wewe, mapema, na usimwambie kwa namna ya kumwomba ruhusa. Mwambie: nimeongea na mdogo wako, nimemweleza hivi na hivi, akikosa mazoezi atakaa benchi. Akikasirika, muache akasirike siku mbili. Kisha nenda kwa mama mkwe. Nenda mwenyewe, kabla habari haijamfika kwa mdomo mwingine, uchukue na kitu kidogo mkononi. Usimweleze mpira. Mwambie kijana wake ana kipaji, na wewe humtaki achukiwe na wenzake kwa ajili yako, na kwa hiyo utamfanyia kama wengine wote. Wamama wetu wanalielewa hili haraka kuliko tunavyodhani. Kinachowaumiza ni kusikia mtoto wao ametendwa jambo na mkwe hajaja kusema. Tena ukishafika, umefanya la utu uzima, na mkeo ndiye atakayekutetea.

Mfadhili ni shughuli nyingine, na hapa nakuomba uwe na adabu na uwe na msimamo, vyote viwili. Yule mzee analipa marefa kwa pesa zake. Wako wengi wenye mali mjini hapa hawajawahi kununua hata mpira mmoja. Anastahili kuheshimiwa. Lakini ukimngoja mpaka Ijumaa usiku apige simu, tayari umeshindwa, kwa sababu anakukuta huna la kusema. Mwendee Jumanne au Jumatano na lile daftari. Mwonyeshe dakika za mabao. Mwonyeshe nani anafika na nani hafiki. Mwambie: mzee, hivi ndivyo nitakavyopanga, na sababu ni hizi. Kisha umwombe kitu: glavu za kipa, ndizi za mapumziko, nauli ya mechi ya ng'ambo ya kivuko. Mtu mwenye mali akiombwa jambo analoweza kulifanya hujisikia yumo ndani, na hahitaji tena kuingia kwa kupanga kikosi. Kila Jumatatu mpigie wewe, umpe ripoti kabla hajaiomba.

Akikutajia Feisal, usimkatize. Msikilize, kisha umuulize: mzee, wale wa Feisal walikuwa wakifanya mazoezi saa ngapi, wapi, na nani alikuwa akikosa? Mwache ajibu mwenyewe.

Akikwambia shemeji asipoanza anachukua jezi zake, hapo sina lugha laini ya kukupa. Mwambie, kwa heshima, jezi ni zake. Nenda Kongowea sokoni mtafute fulana za mtumba za rangi moja, mtie namba kwa rangi. Mtachekwa mechi moja. Lakini nahodha wengi chombo huenda mrama, na ukikubali mara moja tu kikosi kipangwe kwa simu, sheria mliyoitunga na vijana itakuwa karatasi. Kwa nimjuavyo mzee wa aina hiyo, anayewasimulia vijana mpira wa 1965, timu anaipenda kuliko anavyompenda straika. Sidhani itafika huko.

Nimemwacha kipa mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu yeye ananikaa moyoni. Mtoto wa miaka 18, mabao 4, matusi ya watu wazima, machozi mbele ya rafiki zake. Jumamosi ijayo mrudishe golini. Ukimtoa sasa, amekubali kwamba wale waliomtukana walisema kweli. Kaa naye faragha, mpitishe bao moja moja la ile mechi: hili beki wako wa kati alikuwa anatembea, hili kona haikuwa na mtu nguzo ya mbali, hili ni lako, ulitoka ukasita. Mpe lile moja lake alifanyie kazi, mengine matatu mwondolee. Mazoezini mpigie krosi na kona mpaka achoke, na mabeki wawe mbele yake, wasikie sauti yake. Kipa aliyetukanwa huacha kupiga kelele, na kipa bubu ni hatari.

Mbele ya mashabiki, wakija kukuuliza, sema mabao yale ni yako, wewe kocha. Maana ni kweli, wewe ndiye uliyepanga.

Zambia ilipochukua Kombe la Afrika kule Libreville, Februari 2012, iliitoa Kodivaa kwa penalti. Beki wao Joseph Musonda alikuwa ameumia mwanzoni tu mwa fainali, akatoka akilia. Penalti ya mwisho ilipoingia, uwanja mzima ukishangilia, kocha Hervé Renard alimfuata Musonda pale alipokuwa, hawezi kutembea, akambeba mikononi mpaka katikati ya wenzake. Yule hakucheza hata robo ya mechi. Kocha alimkumbuka katika dakika ambayo makocha wengi hujikumbuka wenyewe. Wewe ukishinda mechi yako ya kwanza, angalia kwanza benchi. Yule aliyefanya mazoezi wiki nzima na hakuingia hata dakika moja, mfuate wewe, umpe mkono umtaje kwa jina.

Ule ukali na upole uliojaribu, nadhani shida haikuwa katika kimoja wala kingine. Siku ya ukali ulikuwa mkali kwa waliofika, maana ndio waliokuwepo kusikia, na aliyestahili kukaripiwa alikuwa barabarani na tuktuk. Siku ya upole ulikuwa mpole kwa asiyekuja. Vijana wanaona mambo haya. Kuwa na sauti moja, ile ile mkishinda na mkifungwa, na wote wataizoea.

Kuhusu ile shule. Watoto wanahitaji mtu kama wewe, na posho si dhambi. Nenda uzungumze na mwalimu wa michezo, umwambie una mechi 9 za kumaliza na unaomba uanze muhula ujao. Akikubali, vizuri. Asipokubali, muulize kama siku moja ya wiki inawatosha, mchana kabla ya mazoezi yako, ukiwa huna friji ya mtu uliyoifungua. Lakini usiende huko kwa sababu ya kuikimbia timu, maana shuleni nako utamkuta mtoto hodari ambaye baba yake ndiye mwenyekiti wa bodi, na mambo yatakuwa haya haya.

Wako,
Ami